Lori Linachemsha Mlimani: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Injini

Ukishawapita wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, mlima Kitonga uko mbele yako. Lori lililotoka Morogoro sindano ya joto ikiwa imetulia katikati, hapo ndipo linapoanza kusema ukweli wake. Sindano inapanda kona kwa kona. Kabla ya kufika Ilula dereva amelisogeza pembeni, kebini imeinuliwa, mvuke unatoka, na utingo anatafuta dumu la maji.

Nimetengeneza malori miaka mingi. Tatizo ninalolikuta mara kwa mara si mafundi kutojua kubadilisha vifaa, ni kuvibadilisha haraka mno. Themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kupozwa yakipata moto) inang'olewa, pampu ya maji inanunuliwa, rejeta (kipozea maji) inapelekwa kuchomelewa, mwisho silinda hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa, na lori likirudi Kitonga linachemsha vilevile. Tajiri ameshatoa hela nyingi na dereva anaanza kulaumiwa. Njia nitakayoeleza hapa inaanza na swali moja: joto limekwama wapi? Ukishalijibu, kifaa cha kununua kinajitaja chenyewe.

Sindano ikigusa nyekundu: okoa injini kwanza

Punguza gia mapema, achia mafuta, zima kiyoyozi, na fungulia hita ya kebini hadi mwisho hata kama nje ni jua kali, kwa sababu hita ni rejeta ndogo na inatoa joto. Tafuta mahali pa wazi, egesha, weka vigingi kwenye magurudumu na pembetatu nyuma.

Sasa amua kama unazima au unaiacha ingurume. Kama maji yapo, feni inazunguka na sindano inashuka, iache injini kwenye mzunguko wa 1,000 hivi kwa dakika chache. Injini iliyotoka kwenye mzigo mzito ikizimwa ghafla, maji yanasimama ndani huku chuma bado kina moto, na hapo ndipo yanapochemka. Lakini taa ya maji ikiwaka, mvuke ukitoka, mkanda wa pampu ukikatika au sindano ikiendelea kupanda, zima papo hapo. Injini isiyo na maji haina dakika tano za kupewa.

Usifungue mfuniko wa maji ya injini. Nasisitiza, kwa sababu nimewaona watu walioungua uso na kifua kwa haraka ya dakika mbili. Maji yaliyo chini ya shinikizo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiachia shinikizo, sehemu yake inageuka mvuke mara moja na kurusha mengine nje. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja na kuuacha mkono pale bila kuuondoa. Kwa injini ya lita 12 hiyo inaweza kuwa saa nzima. Baadaye fungua kidogo kidogo kwa kitambaa kinene, uso ukiwa pembeni, na ongeza maji polepole injini ikiwa inanguruma taratibu. Maji ya baridi yakimwagwa kwa pupa kwenye hedi yenye moto huipasua.

Kwa nini mfuniko mdogo una kazi kubwa

Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 95. Injini nyingi za dizeli za malori hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Ina maana lori lenye mfuniko uliochoka linaweza kuwa salama Kibaha na kuchemsha Iringa, injini ikiwa na joto lilelile. Mfuniko mzima unaoshikilia bar 1 husogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 kule pwani. Kwa hiyo mfuniko wa kuazima uliofungwa kwa mpira wa tyubu ni chanzo kamili cha ugonjwa.

Muulize dereva kabla ya kushika spana

Dereva ameishi na lori, wewe umeliona leo. Muulize linachemsha lini hasa, na msikilize bila kumkatiza.

Likichemsha kwenye foleni au likitambaa, kisha likapoa likishika mwendo, shuku upepo: feni, klachi yake, mkanda wake, au kava inayoizunguka. Likiwa salama tambarare lakini linapanda joto mlimani na mzigo, rejeta imeziba nje au ndani, feni haishiki sawasawa, au maji hayazunguki ya kutosha. Likipata moto dakika chache tu baada ya kuwashwa, hata tupu, fikiria themostati iliyogoma kufunguka, hewa iliyonaswa ndani, pampu iliyokufa, au gesi inayoingia kwenye maji.

Kuna swali ambalo wengi hawaulizi: je, linachemsha likiteremka? Malori yenye ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) hupeleka joto la kufungia mwendo kwenye maji yaleyale ya injini. Dereva akiishusha Kitonga kwa gia kubwa na mzunguko mdogo huku ritada imevutwa hadi mwisho, pampu na feni zinazunguka polepole wakati joto linamiminika. Hapo mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ateremke kwa gia ndogo, mzunguko uwe juu ndani ya kiwango alichoweka mtengenezaji, na sindano itatulia.

Hakikisha joto ni la kweli

Nunua bunduki ya kupimia joto, ile ya kumulika. Bei yake haifiki gharama ya gasketi moja. Mulika nyumba ya themostati na ulinganishe na geji ya kebini. Usimulike chuma kinachong'aa, kitakudanganya kwa kusoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi kisha mulika hapo. Geji ikisema 105 na bunduki ikasema 86, tatizo ni sensa, waya au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chesi).

Jihadhari na uongo wa upande wa pili pia. Sensa husoma ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakikauka, sindano inaweza kushuka ghafla, dereva akafurahi kuwa lori limepoa, kumbe ndiyo linakufa.

Asubuhi, injini ikiwa baridi: maji, mfuniko, kuvuja

Angalia kiwango na rangi ya maji kabla ya kuwasha. Kutu ya rangi ya matofali inasema lori limeendeshwa kwa maji matupu. Utelezi wa oili juu ya maji ni habari nyingine, nitaifikia. Kagua mpira wa mfuniko na uhakikishe shinikizo lililoandikwa juu yake ndilo la lori lako. Mfuniko una vali mbili: moja ya kutoa shinikizo likizidi, nyingine ya kuingiza hewa injini inapopoa. Ya pili ikikwama, utakuta mipira imebonyea asubuhi kama chupa iliyofyonzwa.

Kisha funga pampu ya kupimia rejeta na ujaze hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe. Iache dakika 15. Ikishuka, zunguka na tochi: viungo vya mipira, tundu dogo la chini ya pampu ya maji, mabomba ya hita, na maungio ya kompresa ya upepo. Tundu la pampu likidondosha maji, sili ya pampu imekwisha, na ukiliziba kwa gundi unakuwa umenyamazisha mlalamikaji. Kama shinikizo linashuka na chini ni pakavu, chomoa kijiti cha oili. Maji yameenda mahali.

Upepo: mahali pa kutumia muda wako mwingi

Kwa malori ya njia zetu, ningekuwa na nafasi ya kukagua kitu kimoja tu, ningekagua hapa. Mbele ya rejeta kuna intakula (kipozea hewa inayoingia kwenye injini), na mara nyingi mbele yake kuna kondensa ya kiyoyozi. Ukitazama kutoka mbele unaona kondensa safi. Uchafu umejificha katikati, kwenye nafasi ya vidole viwili kati ya intakula na rejeta: vumbi, mbegu za nyasi, wadudu, vyote vimegandishwa na oili kidogo inayotoka kwenye pumuo la injini. Unakuwa mkeka kamili. Hewa haipiti, na hakuna pampu mpya itakayousaidia.

Weka taa kali upande wa feni wakati wa jioni, kisha tazama kutoka mbele. Mwanga usipopenya sehemu kubwa, umepata ugonjwa. Fungua boliti za intakula uisogeze mbele. Kuosha bila kuitenganisha ni kusukuma uchafu ndani zaidi. Puliza upepo na maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia uchafu ulikoingilia. Kama kuna oili, paka sabuni ya kuondoa grisi na uiache ilowe kwanza. Mashine ya presha ishikwe mbali na ielekezwe moja kwa moja usoni pa rejeta, isilalie pembeni, la sivyo mapezi yatalala na utakuwa umeiziba rejeta kwa mkono wako mwenyewe.

Baada ya hapo angalia feni. Kava ya plastiki inayoizunguka ikiwa imevunjika au imetolewa, feni inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta. Malori mengi yana klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Injini ikiwa imezimwa kabisa na ufunguo uko mfukoni mwako, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, bila ukinzani wowote, silikoni imetoka. Mara nyingi utaona pia alama ya unyevu uliokamata vumbi katikati ya klachi. Klachi nzima ina uzito fulani mkononi. Lakini kipimo cha uhakika ni sikio: lori likipanda na mzigo na joto likipita nyuzi 90 na kitu, feni inapaswa kunguruma kwa nguvu hata dereva aisikie ndani ya kebini. Dereva akikwambia hajasikia mngurumo huo miezi sita, mwamini.

Vipimo viwili vya mipira

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Lori likishapata moto na kufanya kazi, mulika bomba la juu panapoingilia maji kwenye rejeta, kisha la chini panapotokea.

Kama yote mawili ni moto karibu sawa na injini inachemsha, maji yanazunguka lakini hayapozwi. Rudi kwenye upepo: mapezi, feni, klachi. Kama la juu ni moto sana na la chini limepoa mno, kwa mfano tofauti ya nyuzi 30, maji yanapozwa vizuri lakini yanayopita ni machache. Tafuta kizuizi: rejeta iliyoziba ndani, themostati isiyofunguka hadi mwisho, pampu dhaifu, au mpira wa chini unaofyonzwa. Na kama yote mawili ni ya vuguvugu wakati injini inaungua, maji hayaendi kwenye rejeta kabisa. Themostati imefunga, au hewa imenaswa.

Mulika pia uso wa rejeta kila baada ya upana wa kiganja. Sehemu iliyo baridi peke yake katikati ya sehemu za moto ina mirija iliyoziba. Mara nyingi hiyo ni kazi ya maji ya chumvi ya visima, au ya dawa za dharura: manjano, yai, unga wa kuziba matundu. Vinaziba tundu kweli, na vinaziba mirija mingine pamoja nalo. Ukilazimika kuvitumia porini ili ufike, fika, kisha safisha mfumo mzima siku hiyohiyo.

Mpira wa chini utazame mtu akiwa amekanyaga mafuta. Uko upande wa kufyonza wa pampu. Ukiwa umelainika, au waya wa ndani umeoza, unajibana injini ikienda kasi na kufunguka ikitulia, kwa hiyo gereji hutauona ukiukagua kwa kutazama tu.

Kuhusu kung'oa themostati

Najua nitapingwa. "Huku ni nchi ya joto, themostati ni ya Ulaya." Nimeisikia sentensi hiyo kutoka kwa mafundi ninaowaheshimu, na si sahihi.

Themostati ya lori ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi inafunga njia ya rejeta na kuacha wazi njia ya mkato ili maji yazunguke ndani. Injini ikipata moto inafungua rejeta na, katika injini nyingi kubwa, wakati huohuo inaifunga ile njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, tena mlimani unapohitaji kila tone lipozwe. Ndiyo maana lori lisilo na themostati huendeshwa baridi mno kwenye tambarare, likila mafuta na kusaga laina (kuta za silinda), halafu linachemsha Kitonga.

Badala ya kuing'oa, ipime. Itundike kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Nambari iliyopigwa muhuri juu yake, tuseme 83, ni mahali inapoanza kufunguka, na inapaswa kuwa wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Kama maji yanatokota nayo bado imefunga au imefunguka nusu, nunua nyingine ya nambari hiyohiyo.

Gesi ndani ya maji, na kosa linalogharimu kuliko yote

Dalili zinajulikana: mapovu yasiyokwisha kwenye tanki la maji, mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha injini baridi, maji kusukumwa nje. Fundi anatamka "gasketi ya hedi" na spana zinatoka.

Ngoja. Lori lina kifaa kingine kinachoweza kufanya hayo yote: kompresa ya upepo wa breki. Kwenye malori mengi hupozwa kwa maji ya injini, na gasketi yake ikikatika au kichwa chake kikipasuka, upepo unasukumwa moja kwa moja kwenye maji. Niliwahi kuletewa lori ambalo hedi zake zilikuwa zimefunguliwa mara mbili katika gereji nyingine, gasketi mpya mara mbili, hedi zimechongwa, na bado linatapika maji. Dereva alikuwa amesimamishwa kazi kwa tuhuma za kuliunguza. Ilikuwa kompresa. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu kipimo chake ni cha nusu saa.

Fanya hivi. Toa upepo wote kwenye matangi, injini ikiwa baridi, kisha washa na tazama tanki la maji. Mapovu yakiwa mengi wakati upepo unajazwa na kupungua mara gavana (kifaa kinachosimamisha kujaza matangi yakijaa) inapokata, kompresa imejitaja. Kuhakikisha, funga vigingi, tenganisha mabomba ya maji ya kompresa, ziba matundu upande wa injini, achia bomba lake la kutoa upepo wazi, na wacha injini ingurume dakika chache tu, kwa maana kompresa haina maji. Lori lisiguswe wakati huo, halina breki. Mapovu yakikoma, hedi haina kosa. Yakiendelea, sasa una haki ya kushuku gasketi, hedi iliyopasuka au laina iliyotoboka, na kimiminika cha kupima gesi ya moshi kitakuthibitishia kwa kubadilika rangi.

Oili ikionekana kwenye maji, anza na kipozea oili kabla ya hedi. Injini ikiwaka, shinikizo la oili ni kubwa kuliko la maji, kwa hiyo tundu dogo ndani ya kipozea hupeleka oili kwenye maji. Injini ikizimwa mambo hugeuka, na maji yenye shinikizo hurudi kwenye oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa usiiendeshe hata kilomita moja, itakula beringi za krenki.

Wakati mfumo wa maji hauna kosa

Baada ya safari gusa hewa iliyo karibu na kila habu, au mulika. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki inayokamata, na injini imekuwa ikivuta breki hiyo tangu Chalinze. Mzigo nao uangaliwe: kikomo cha uzito wote wa gari na mzigo katika Afrika Mashariki ni tani 56, na hiyo ni kwa gari la ekseli saba. Tena mfundishe dereva asiing'ang'anie gia kubwa mlimani hadi injini ianze kugonga. Mzunguko ukishuka, pampu na feni hushuka nao huku mzigo ukizidi. Gia ndogo iingizwe kabla ya kona.

Kujaza upya

Mwaga maji yote, pamoja na ya bloku, suuza hadi yatoke meupe. Jaza mchanganyiko wa kulanti na maji yaliyochujwa kwa mashine, nusu kwa nusu. Hatuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inalinda laina zisitobolewe na vipovu vidogo vinavyopasuka ukutani kwake, ugonjwa wa injini za dizeli zenye laina zinazoguswa na maji moja kwa moja. Ukikosa maji hayo, ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima. Usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi. Rangi haikuambii aina, soma kiwango kilichoandikwa kwenye galoni. Iliyomwagwa kusanya kwenye dumu lenye mfuniko. Ina ladha tamu na ni sumu kwa mtoto, mbwa na mbuzi.

Jaza polepole, hita ikiwa wazi, skrubu za kutolea hewa zimelegezwa hadi maji yatoke bila kutema. Washa, acha hadi themostati ifunguke na mpira wa chini upate moto, ongeza, funga.

Kisha lipeleke mlimani na mzigo. Kaa kiti cha utingo na karatasi, andika joto kila kilomita mbili, na sikiliza feni. Kesho yake asubuhi, kabla halijawashwa, fungua tena utazame kiwango. Kama kimeshuka hata kidole kimoja baada ya hewa ya kwanza kutoka, funga pampu ya kupimia uanze tena kwenye viungo.